EE na LA: taa nilizoivalisha 486 ya mjomba

Kompyuta ilishuka kutoka kwenye buti la basi la Tanga ikiwa imeviringishwa shuka kuukuu na kufungwa kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo, kama mbuzi anayepelekwa kwenye harusi. Ndani ya shuka mjomba alikuwa ametia kikaratasi: "Ikikushinda usiitupe. Nirudishie, nitafugia kuku."

Mjomba alikuwa mhasibu kwenye mashamba ya katani, na mashine hii aliinunua kwa pesa yake mwenyewe mwaka 1994. Kwa ambao hawakuwepo, mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Kwa hiyo mtu wa rika la mjomba alizeeka kazini akijumlisha kwa kalamu na mashine ya kuzungusha mkono, na sheria zilipolegea, akaikimbilia kompyuta kama aliyefungulia swaumu. Hakununua kitu cha ofisi. Alinunua kitu chake.

Ni kasha la mnara, lisilo na jina la kampuni kubwa, aina ile tuliyokuwa tukiiita kloni. Ndani mna prosesa, ndiyo ubongo wake, ya Intel 486DX2 ya megahezi 66 na kumbukumbu ya megabaiti 8. Mbele kuna swichi kubwa ya kuwashia, kitufe cha Reset, kitufe cha Turbo cha kubadili mwendo, tundu la ufunguo ambao ulipotea zamani, na juu ya vyote kidirisha cha tarakimu mbili za kijani. Kidirisha hicho ndicho kilichonifanya niandike haya yote, ila tutakifikia.

Nilipoifungua nilikuta mjusi aliyekauka akabaki mifupa na mkia, na vumbi lililoshikana kama sufu. Kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa saketi, kulikuwa na betri ya kipipa, ya nikeli na kadimiamu, iliyokuwa imevuja. Ukikuta 486 yoyote leo, anza hapo kabla hata ya kuchomeka umeme. Kile kiowevu chake kinakula njia za shaba polepole, na ukichelewa unabaki na bodi ya kupamba ukuta. Nilikata betri, nikasugua ule ukoga wa kijani kwa mswaki na siki (ni alkali ile, siki inaizima), nikasuuza kwa spiriti, nikaacha siku mbili. Bahati ilikuwa yangu. Iliwaka, ikahesabu kumbukumbu yake kwa ule mlio wa tik-tik-tik, na kulalamika kwamba haijui leo ni tarehe ngapi. Diski yake ilikuwa inakoroma kama mzee, nikanakili yaliyomo, nikaitoa na kuweka kadi ndogo ya kumbukumbu, CompactFlash, kwenye adapta. Mazabodi hii haioni zaidi ya megabaiti 504, basi sikuhitaji kadi kubwa.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nikaanza kuwaza taa.

Kosa la kwanza nililifanya mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwenye vibanda vya vipuri. Niliona mikanda ya taa za LED wanayofunga vijana kwenye bodaboda na bajaji, nikaona volti 12, na kompyuta nayo ina volti 12. Muuzaji akanikatia mita moja ya bluu. Nikaibandika ndani ya kasha usiku huohuo, nikaunga kwenye plagi ya pini nne, waya wa njano na mweusi, nikazima taa ya sebuleni. Bluu ilimwagika kwenye matundu yote, ukutani, mpaka darini. Mke wangu akapita akasimama mlangoni.

"Baba Salma, na hiyo inabeba abiria?"

Nilicheka, lakini nilijua amesema kweli. Mwanzoni nilidhani tatizo ni mwanga kuwa mkali mno. Nikaukata mkanda nusu, ikawa bado. Ilinichukua wiki kuelewa kwamba tatizo ni rangi yenyewe, na kwamba rangi ya bluu kwenye mashine ya 1994 ni uongo wa kihistoria.

Nieleze. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak pale General Electric mwaka 1962. Ya njano ilikuja 1972 kwa mkono wa George Craford. Kijani kilichofifia nacho kikapatikana. Bluu iliwashinda kwa miaka. Walikuwepo waliopata bluu hafifu, ya kuchungulia, lakini bluu yenye nguvu ilitangazwa mwishoni mwa 1993 na Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia huko Japani, na kwa kazi hiyo yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ndiyo maana vifaa vyote vya nyumbani mwa wazazi wetu, redio, kaseti, amplifaya, vilikuwa na vitaa vyekundu, vya kijani na vya njano tu. Watengenezaji hawakuwa wakipenda rangi hizo kuliko nyingine. Hizo ndizo zilizokuwepo. Na macho yetu yaliyokulia mbele ya redio hizo yanajua hivyo hata kama mwenye macho hajui. Ukiweka bluu kwenye 486, jicho linakwambia kuna mgeni.

Nikajiwekea sharti: taa yoyote nitakayoivalisha mashine hii iwe ya rangi ambayo mjomba angeweza kuipata dukani siku aliyoinunua. Mkanda wenyewe ni wa juzi, sikatai, na mtu mkorofi atanishika hapo. Nakubali kushikwa. Nilichokuwa nakitafuta ni rangi, na rangi niliyoitaka ni ile ya njano iliyokolea kuelekea machungwa, rangi ya zile skrini za zamani za maandishi ya kaharabu, rangi ya kandili iliyopunguzwa utambi.

Mkanda wa njano nao ukauzwa Gerezani palepale, kwa bei ndogo kuliko wa bluu kwa sababu hakuna kijana anayeutaka. Hii mikanda ya volti 12 hukatwa kila baada ya taa tatu, kwenye mstari uliochorwa mkasi. Sentimita 30 zilinitosha: mafungu sita ya taa tatutatu. Zikipewa volti 12 kamili zinang'aa kama mlango wa baa. Wako wanaozipunguza kwa kuunga waya wa njano wa volti 12 na mwekundu wa volti 5, wakapata volti 7 katikati. Hesabu yake ni sahihi na taa za njano zinawaka vizuri kwa volti hizo. Mimi siifanyi kwenye mashine isiyo na vipuri. Waya ukigusana vibaya siku moja, volti 12 zinaingia kwenye njia ya volti 5, na huko ndiko prosesa na kumbukumbu zinakokula. Niliweka rizista, kile kipande cha kupunguza umeme, mfululizo na mkanda, nikijaribu moja baada ya nyingine, nikaishia kwenye omu 220. Ya robo wati inatosha. Mwanga ukashuka mpaka ukawa wa kuulizana: imewaka au haijawaka? Hapo ndipo nilipopataka.

Neno la tahadhari, maana najua kuna mdogo wangu atasoma hii na kukimbilia bisibisi. Kasha za enzi hizo, zile za mfumo wa zamani uitwao AT, swichi yake ya mbele si kitufe cha kuambia mazabodi "amka". Ni swichi ya umeme wa ukutani wenyewe. Volti 230 zinatoka kwenye pawa saplai kwa waya mnene, zinapita hadi usoni mwa kompyuta, sentimita chache tu kutoka kilipo kitaa cha Turbo. Kwenye yangu, vile vifuniko vya plastiki vya viungio vilikuwa vimekauka na kupasuka. Nilivifunika upya kabla ya kugusa kingine chochote. Na zile plagi mbili za umeme wa mazabodi, P8 na P9, zinafanana na zinaingia hata ukizikosea: mweusi ukae kwa mweusi, katikati. Aliyekosea hakupata nafasi ya kukosea mara ya pili, kwenye bodi hiyo angalau.

Sasa mwanga ulikuwa ndani, ukihitaji pa kutokea. Watu wa fani hii tangu mwishoni mwa miaka ya tisini wamekuwa wakikata dirisha ubavuni mwa kasha, wakaweka kioo cha plastiki. Sikatai uzuri wake kwenye kasha jipya. Ila kasha la mjomba limebaki moja, na bati ukishalikata halishoneki. Basi nikageukia mahali ambapo mashine yenyewe iliacha wazi. Mbele, chini ya flopi, kulikuwa na nafasi mbili za kuwekea CD ambazo hazikuwahi kutumika, zimezibwa kwa vifuniko vya plastiki vinavyochomoka kwa kidole. Kimoja kina upana wa milimita 146 na kimo cha kama 41. Ukitengeneza kingine cha kipimo hicho, cha asili unakiweka kwenye droo. Siku ukikitaka kinarudi.

Nilikwenda kwa fundi seremala anayechonga nakshi za milango kwa wateja wa mahoteli. Nilimpelekea kifuniko cha plastiki kama kipimo.

"Fundi, nataka kama hiki, kwa mninga, na nakshi itobolewe mwanga upite."

Akakigeuzageuza. "Mlango wa panya huu?"

"Wa kompyuta."

"Kompyuta ina mlango?"

Hakuuliza tena. Alinichongea mnyororo, ule unaozunguka fremu za milango ya Zanzibar, kwa urefu wote, na katikati waridi moja dogo. Nyuma yake nilibandika karatasi ya kuchorea ramani ili taa zisionekane moja moja. Ukiiwasha usiku, mnyororo unaonekana umechorwa kwa makaa. Mbao ni ya kahawia nyekundu, plastiki ya kasha ni rangi ya maziwa, na nilihofia vitagombana. Havikugombana. Pengine kwa kuwa nyumba nyingi za pwani zina kuta nyeupe na mlango wa mbao, na macho yamezoea.

Ila hiyo rangi ya maziwa nayo ina kisa chake. Plastiki ilikuwa imegeuka njano kama meno ya mvuta sigara, upande mmoja zaidi ya mwingine, upande uliokuwa ukitazama dirisha. Ni plastiki ya ABS yenye dawa za bromini za kuzuia moto, na jua huzibadilisha. Tangu 2008 hivi, wapenzi wa mashine za zamani wanatumia njia waliyoipa jina la Retr0bright: haidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua. Peroksaidi ya krimu, asilimia 12, inauzwa kwa wasusi. Nikaenda saluni ya jirani.

"Dada, naomba ile krimu ya kupausha nywele, chupa mbili."

"Kaka, anapakwa nani?" Alitazama kichwa changu, ambacho hakina nywele tangu nimalize chuo.

Jua la Dar halihitaji kuombwa. Nilipaka asubuhi, nikafunika kwa nailoni ya jikoni, nikaweka juu ya paa la banda. Kosa langu lilikuwa kwenda msibani na kurudi alasiri. Nailoni ilikuwa imepeperuka sehemu, krimu imekauka, na ubavu mmoja wa uso wa kompyuta ukatoka na mabaka kama chui. Nimerudia mara mbili, sasa unaona baka moja tu, karibu na Reset, na nimeliacha. Vaeni glovu. Inachoma.

Turudi kwenye kidirisha.

Wengi tuliokua na mashine hizi tuliamini kwamba zile tarakimu zilikuwa zikipima mwendo wa kompyuta. Ukibonyeza Turbo zinasoma 66, ukibonyeza tena 33. Ukweli ni kwamba kidirisha hakipimi kitu. Nyuma yake kuna kipande kidogo cha bodi kilichojaa pini na vijampa, vile vikofia vyeusi vidogo kama punje ya mtama. Kila tarakimu ni vijiti saba vya mwanga, na kila kijiti kina mahali pake pa kuweka jampa: kiwake muda wote, kiwake Turbo ikiwa imebonyezwa, kiwake ikiwa haijabonyezwa, au kisiwake kabisa. Basi. Fundi wa dukani aliweka vijampa 14 ili isomeke 66 na 33, kisha akafunga. Kitufe chenyewe kilikuwa cha kweli: programu na michezo mingi iliandikwa kwa kufuata mwendo wa IBM PC ya 1981, ya megahezi 4.77, na kwenye mashine ya kasi ilikimbia kupita uwezo wa vidole vya mtu, ndiyo ukahitaji breki. Ila namba ya kwenye kidirisha ilikuwa maneno ya fundi tu.

Na kama ni maneno, kwa nini yasiwe ya Kiswahili?

Nilikaa na binti yangu Salma mezani na kiberiti. Njiti saba zinatengeneza nane ya kidijitali, ukizipunguza unapata herufi. Tuligundua haraka kwamba lugha yetu haikuonewa huruma. K haiandikiki. M haiandikiki, na ndiyo iliyomkasirisha, kwa sababu jina lake lilikatikia njiani. W haiandikiki. Z inafanana na mbili, S na tano. Miongoni mwa zilizobaki safi ni A, E, F, H, J, L, P, U na O. Herufi mbili tu, maneno mawili, moja la mwendo na moja la kuzubaa. Tulipata JE, tukapata PO, tukapata UA. Salma ndiye aliyeweka njiti za EE, akazitazama, akasogeza chache pembeni zikawa LA.

Nani angebisha? Turbo imebonyezwa: EE. Turbo imeachiwa: LA.

Nilikokotoa kwenye daftari. Tarakimu ya kwanza, E na L: kijiti cha chini na viwili vya kushoto viwake muda wote, cha juu na cha kati viwake kwa Turbo peke yake, vya kulia visiwake. Tarakimu ya pili, E na A: cha juu, cha kati na viwili vya kushoto muda wote, cha chini kwa Turbo, viwili vya kulia Turbo ikiachiwa. Jumla jampa 12. Kabla ya kuchomoa hata kimoja nilichora picha ya vilivyokaa vyote 14. Vile viwili vilivyozidi nilivitia ndani ya kiberiti kilekile.

Kwa muda wa mwezi mzima kila mgeni aliyekuja nyumbani alibonyezeshwa Turbo. Mtoto wa jirani aliiuliza kama kesho kuna shule, ikajibu LA, na ilikuwa Jumapili.

Kisha mjomba akaja Dar kwa daktari wa macho. Alifikia kwangu. Tulikula, tukaongea ya shamba, kisha nikampeleka chumbani, nikazima taa, nikawasha mashine yake. Mnyororo wa makaa ukatokea mbele. Kumbukumbu ikahesabu. Alivuta kiti akakaa, bila neno, akapitisha kidole kwenye ile mbao, kwenye waridi. Akauliza mninga huo ni wa wapi. Akaandika amri ya kufungua Lotus, programu yake ya mahesabu, bila kutazama kibodi, na mahesabu yake ya zamani yakatokea, nami nikamwona anayapitia mstari kwa mstari kama vile kuna mtu anasubiri kulipwa.

Halafu akainua macho kwenye kidirisha.

"Mpwa, 66 yangu iko wapi?"

Nikamweleza. Njiti za kiberiti, Salma, EE, LA. Nikambonyezea. Akatabasamu kwa heshima. Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu anayejua jambo, nikamwambia kwamba namba ile haikuwa ikipima chochote, ni vijampa vya muuzaji.

Akanyamaza kidogo. "Yule bwana angeweza kuandika 99?"

"Angeweza, mjomba."

"Mimi niliwaambia watu kazini, yangu ni 66. Walikuja nyumbani kuitazama." Alibonyeza kitufe. LA. Akabonyeza tena. EE. "Na yenyewe ilikuwa 66 kweli?"

"Prosesa ni 66 kweli. Imeandikwa juu yake."

"Basi alikuwa mkweli yule." Akavua miwani akaifuta. "Nirudishie namba yangu."

Nilifungua kasha palepale, yeye akinishikia tochi. Nilikuwa na mchoro wangu, kazi ya dakika 20. Jampa la kumi na tatu nililikuta ndani ya kiberiti. La kumi na nne halikuwemo, na Salma alikuwa ameshalala, kwa hiyo nikaenda kulichomoa nyuma ya ile diski iliyokuwa ikikoroma, nayo haikuwa na kazi nalo tena. 66. Mjomba akabonyeza Turbo. 33. Akabonyeza tena, akakiacha hapo, akarudi kwenye mahesabu yake.

Alikaa siku tano. Jumatatu nilimsindikiza stendi, basi likaondoka, nami nikarudi nyumbani. Salma alikuwa amekwisha kupanga njiti mezani.